Kibarua, Manamba na Kaya: Istilahi za Kumbukumbu na Familia ya Wakulima wa Ujira Ruangwa

Makala haya yanachunguza istilahi zilizotumika kumwandika mfanyakazi wa shamba na familia yake, kwa kurejelea Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Hoja kuu ni kwamba mfanyakazi huyu aliingia katika maandishi akiwa peke yake. Familia yake ilipokuja kuandikwa, iliandikwa kwa istilahi zisizolingana na ukoo wake.

Ushahidi wa kwanza umo katika majina ya kazi yenyewe. Kibarua ni udogo wa barua: katika karne ya 19, mtu wa kazi ya kutwa huko pwani alipewa kijikaratasi, na jina la karatasi likamganda mwenyewe. Manamba, aliyeandikishwa kwa mkataba kwenda mashamba ya mkonge, aliitwa kwa namba yake. (Ajabu ni kwamba neno hili, ingawa lina umbo la wingi, humtaja hata mtu mmoja.) Kipande nacho kilikuwa kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi hadi zitimie siku 30, ndipo mshahara ulipwe. Katika maneno yote matatu, mtu ametajwa kwa karatasi iliyomhesabu. Mke, watoto na shamba lao la mtama hawamo.

Sensa za kikoloni za 1948 na 1957 hazikuziba pengo hilo, kwa kuwa shabaha yake kwa Waafrika ilikuwa jumla za makabila na wilaya. Hali hiyo ilikuwapo hata wakati mpango wa karanga, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, ulipokuwa ukivuta nguvukazi Nachingwea.

Tatizo jipya limo katika neno kaya. Miongoni mwa Wamijikenda, kaya ni makazi yenye ngome na heshima ya mababu. Katika istilahi ya sensa, ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, na kila mmoja huandikwa kwa uhusiano wake na mkuu wa kaya. Wamwera, wenyeji wa Ruangwa, hufuata ukoo wa upande wa mama. Kimila, mume huweza kuhamia kwa wakwe, na sauti nzito kuhusu watoto ni ya mjomba. Katika dodoso, mume huyo mgeni ndiye aghalabu hutajwa kuwa mkuu. Mjomba, akiwa anakula humo, huangukia fungu la ndugu wengine, pamoja na binamu aliyekuja kusalimia. Akiwa anakula nyumba ya pili, hayumo kabisa. Hapa karani hakukosea. Amejaza nafasi aliyopewa, na nafasi hiyo ndiyo yenye kasoro.

Usiku wa sensa nao huongeza utata, kwani mtu huhesabiwa pale alipolala. Sensa ya 2012 iliyoipa Ruangwa watu 131,080 ilifanyika Agosti, kama ile ya 2022, wakati mavuno makubwa ya korosho hayajaanza. Kibarua anayefika Oktoba kuokota korosho kwa ujira, pengine na mkewe na mtoto mgongoni, huwa amekwisha kuhesabiwa kwingineko, katika kaya ambayo wakati huo haipiki chakula.