MTOTO HUJIFUNZA KWA MACHO NA KWA MIKONO
Somo kwa walimu wa shule za msingi

Katika somo hili twataka kutazama jambo ambalo kila mwalimu hulikubali kwa kinywa, lakini si wote walifuatao darasani: jina la kitu si kitu chenyewe. Mtoto aweza kulishika neno miaka mingi, na maana yake asiipate hata siku moja.

Nilipokuwa mwalimu kijana niliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu vipimo vya urefu. Niliandika ubaoni: kilomita moja ni mita 1,000. Wakakariri wote kwa sauti moja, nami nikafurahi. Siku ya pili nilimsimamisha mvulana aliyekuwa wa kwanza darasani, nikamwuliza: «Kutoka mlango huu mpaka soko lile tunaloliona, ni mbali gani?» Akajibu bila kusita: «Kilomita tano, Mwalimu.» Soko lenyewe halikufika hatua mia nne. Wenzake hawakucheka, maana hata wao hawakujua. Hapo nikafahamu kwamba nilikuwa nimewapa maganda, na kiini nimebaki nacho mwenyewe.

I. WALIOTUTANGULIA

Wazee wetu hawakumfundisha mtoto kusuka wavu kwa kumsimulia habari za wavu. Walimpa uzi, wakamketisha karibu nao. Akakosea, wakafumua, akaanza tena. Basi fundisho hili si geni kwetu.

Hata huko Ulaya walikuwako watu walioona kosa la kukariri tu. Mwaka wa 1907 madaktari wawili, kila mmoja katika nchi yake, walifungua nyumba za kulea watoto kwa njia mpya: Maria Montessori mjini Roma, na Ovide Decroly mjini Bruxelles. Montessori aliwapa watoto vitu vya kushika, kupanga na kulinganisha. Decroly aliwataka kwanza watazame na kupima, kisha walinganishe walichoona na mambo mengine, na mwisho waeleze kwa maneno, kwa picha au kwa kazi ya mikono. Mpango huo wa Decroly wafaa sana kwetu, kwani hauhitaji fedha. Wahitaji mwalimu mwenye saburi.

II. KAZI NDANI YA SHULE

1. Kamba ya mita kumi. Chukueni kamba isiyonyoka, mpime mita kumi sawasawa, na katika kila mita mfunge fundo. Watoto wawili washike ncha, wa tatu achukue kijiwe kimoja kila kamba inaponyoshwa. Wapime darasa, kiwanja, kisha njia. Vijiwe kumi ni mita mia moja. Vijiwe mia moja ni kilomita moja. Mtoto aliyetembea kamba mia moja juani hatasahau tena kilomita ni nini. Wale wanafunzi wangu walipolipima soko walipata kamba ishirini na saba. Yule mvulana akasema polepole: «Kumbe ni mita mia mbili na sabini tu.» Tangu siku hiyo hakujibu tena bila kufikiri.

2. Maharagwe katika mikebe. Panda maharagwe katika mikebe mitatu iliyotobolewa chini. Wa kwanza uwekwe penye mwanga na kutiwa maji. Wa pili penye mwanga pasipo maji. Wa tatu utiwe maji, lakini ufunikwe gizani. Kila siku watoto waandike walichoona. Mbegu za mkebe mkavu hazitaota. Za gizani zitaota, nazo zitarefuka upesi, lakini zitakuwa nyembamba na za manjano. Usiwaambie mbele ya wakati! Waulize: «Mwadhani itakuwaje?» Kila mmoja aandike wazo lake, kisha mbegu zenyewe ndizo zitakazotoa hukumu. Mtoto aliyekosea asichekwe, maana amejifunza zaidi kuliko aliyebahatisha.

III. MATEMBEZI

Matembezi si mapumziko ya mwalimu. Yana sehemu tatu, na ikikosekana moja, faida yapotea.

Kabla ya kwenda. Mwalimu aende kwanza peke yake. Aitazame njia, na ajue mahali penye maji mengi, nyoka au mamba. Awape watoto maswali mawili au matatu, yasizidi. Awapange wawili wawili, na kila mmoja ajue mwenzake. Wazazi waarifiwe siku na saa.

Wakati wa matembezi. Mwalimu awahesabu watoto wakiondoka, wakifika na wakirudi. Mawingu ya mvua yakikusanyika, warudi mara moja. Asiwakingie chini ya mti mrefu kwa sababu ya radi. Mtoni watoto wakae ukingoni, na kijito kidogo ndicho kifaacho. Hapo wapime mita kumi kando ya maji, watupe kijiti kikavu, na wahesabu sekunde. Kijiti kikipita mita kumi kwa sekunde ishirini, maji yanakwenda nusu mita kwa sekunde moja, yaani mita 1,800 kwa saa. Hesabu ya ubaoni imepata miguu.

Baada ya kurudi. Siku ileile au kesho yake, kila mtoto aandike au achore alichokiona kwa macho yake, si alichosikia kwa jirani. Wakipingana wawili, msikimbilie kusema nani mwongo.

Hapa nawapeni mfano. Mto Lukuga hutoka katika Ziwa Tanganyika, penye mji wa Kalemie, na kupeleka maji yake mpaka Lualaba. Mwaka wa 1874 Mwingereza Cameron aliufikia, akasema kwamba ndio mlango wa maji ya ziwa. Mwaka wa 1876 Stanley akafika mahali palepale, akaona mto umezibwa kwa majani na matope, wala maji hayatoki. Je, mmoja alidanganya? Hapana. Ziwa lilizidi kupanda, likaivunja ile zibo, na mwaka wa 1879 Hore aliyaona maji yakitoka kwa nguvu nyingi. Basi kutazama mara moja hakutoshi.

Kwa hiyo shule zilizo karibu na ziwa zaweza kusimamisha nguzo yenye alama za sentimita, mahali pa usalama, na kila juma watoto waandike maji yamefika wapi. Kazi hiyo si mchezo. Mwaka wa 2024 Tanganyika ilipanda ikaingia katika nyumba za watu huko Bujumbura, Uvira na Kalemie. Daftari ya watoto haizuii maji. Lakini mtoto aliyezoea kuyapima atajua mapema kwamba yanapanda, na atawaambia wazazi wake.

IV. MALALAMIKO YA WAZAZI

Siku moja mzee mmoja alinijia kwa hasira, akasema: «Mwalimu, mtoto wangu nilimleta shuleni ili ashike kalamu. Leo amerudi na udongo mikononi. Mimi nililima shamba la mwalimu wangu miaka minne, nikatoka pasipo kujua kusoma barua. Wataka na yeye awe hivyo?»

Nilinyamaza kwanza, maana alisema kweli. Watu wengi katika nchi yetu walitumikishwa walipokuwa watoto, na kazi ile ikaitwa somo. Nikamjibu: «Baba, una haki ya kuuliza. Tafadhali, tazama daftari yake.» Mtoto mwenyewe akamsomea: tarehe ya kupanda, tarehe ya kuota, urefu wa kila mche. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: «Na maharagwe hayo yatavunwa na nani?» Nikasema: «Na watoto, Baba. Watayapima kwa mizani, kisha watagawana.» Akaenda zake bila neno. Siku ya mavuno alikuja kutazama mizani.

Walimu wapendwa, swali la mzee huyo ndilo kipimo chetu. Kazi ya mikono ni somo ikiwa mtoto anatazama, anauliza, anaandika, na anaondoka na ujuzi ambao hakuwa nao. Lakini mavuno yakiingia katika chungu cha mwalimu, au mtoto akichota maji ya nyumba yake saa ya masomo, hilo si somo, ni wizi wa wakati wa mtoto.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Juma hili wanafunzi wangu wameshika kitu gani kwa mikono yao?
2. Ni neno gani walilolikariri, nami sijahakikisha kama walifahamu?
3. Kabla ya matembezi, je, nimeipita njia mwenyewe?
4. Kazi wanayoifanya, faida yake ni ya nani?

Mwenye kujibu swali la nne pasipo aibu, na aanze kesho.