Shukrani Zimekwenda kwa Mwingine

Barua ya juma hili imetoka Moshi, kwa mama anayeuza mchele sokoni. Mwaka jana alisikia kwamba binti wa jirani yake, mjane anayefua nguo za watu, amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza lakini huenda asiripoti shuleni. Ada haikuwa tatizo, kwa sababu tangu Januari 2016 shule za serikali nchini Tanzania hazitozi ada hadi kidato cha nne. Tatizo lilikuwa sare, viatu, madaftari, godoro la hosteli na mchango wa chakula. Mama huyu alimtafuta mwalimu mmoja wa shule hiyo, akamtumia fedha kwa simu na kumwomba jina lake lisitajwe. Kila muhula amefanya hivyo hivyo.

Mwezi uliopita mjane alisimama kanisani kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu, kisha akamshukuru mzee mmoja wa kanisa, ambaye aliamini ndiye anayemsomesha mwanawe. Makofi yakapigwa, vigelegele vikafuata. Mzee aliinamisha kichwa, akatabasamu, hakukanusha. Tangu siku hiyo muuza mchele hapati usingizi. "Mimi mwenyewe nilitaka iwe siri," ameandika, "sasa mbona siri yenyewe inaniunguza? Je, nilikuwa natafuta sifa?" Chini kabisa ya barua, kama jambo la kupita tu, anaongeza kwamba mumewe ameziona meseji za fedha zilizokwenda kwa mwanamume asiyemfahamu, na siku hizi wakiwa nyumbani hawazungumzi ila kuhusu chumvi na maji ya kuoga.

Jambo hilo aliloliweka mwishoni ndilo la kuanza nalo, maana ndilo la leo usiku.

Mafundisho ya Yesu katika sura ya sita ya Mathayo, yale ya sadaka, sala na kufunga, yanawalenga watu wanaotenda ili watazamwe. Yanataja masinagogi na njia kuu, mahali penye macho mengi. Hakuna mstari unaomtaka mke amfiche mumewe, na kama mtaji wa mchele ndio unaowalisha wote wawili, basi mume naye amekuwa mfadhili wa binti yule pasipo kuulizwa. Ana haki ya kukasirika kidogo. Meseji inayoonyesha fedha zikienda kwa mwanamume mgeni kila muhula haiwezi kumfundisha kwamba mkewe ni mcha Mungu. Itamfundisha jambo jingine kabisa.

Wanaodhani siri ya kweli ni ile ambayo hakuna hata mtu mmoja anayeijua wamtazame Chuck Feeney. Mmarekani huyu, Mkatoliki mwenye asili ya Ireland aliyezaliwa Elizabeth, New Jersey, alitajirika kwa maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya ndege. Mwaka 1982 alianzisha mfuko wa Atlantic Philanthropies na baadaye akauhamishia karibu mali yake yote. Kwa takriban miaka 15 fedha zilikwenda vyuoni na hospitalini bila jina lake kuandikwa popote, na waliopokea walitakiwa kunyamaza. Habari zilitoka hadharani mwaka 1997, hisa zake katika kampuni ya maduka zilipouzwa. Mfuko ulipofungwa mwaka 2020 ulikuwa umetoa takriban dola bilioni 8. Mwenyewe aliishi katika nyumba ya kupanga San Francisco, akivaa saa ya plastiki ya bei chee, hadi alipofariki mwaka 2023.

Lakini katika miaka yote ile ya ukimya walikuwapo wakurugenzi, wanasheria na wahasibu waliojua fedha ilitoka wapi na kwenda wapi. Umati haukujua, ila vitabu vya hesabu vilikuwa wazi kwa waliohusika. Mama wa Moshi amemficha mtu ambaye kwa haki angekuwa mhasibu wake, halafu akamwachia mwalimu asiyempa hata stakabadhi. Hakuna anayemtuhumu mwalimu. Ni vizuri tu kuanzia muhula ujao mchango uingie moja kwa moja katika akaunti ya shule kwa jina la mwanafunzi, na karatasi ya malipo ikae nyumbani, mahali ambapo mume anaweza kuiona.

Sasa mzee wa kanisa. Huenda alidhani anashukuriwa kwa jambo jingine, kwa maana wazee wengi huchangia huku na huku hadi wakasahau. Huenda aliona aibu kumkatiza mwanamke anayelia mbele ya kusanyiko. Huenda pia amejitwalia heshima isiyo yake, na mzee mwaminifu angemfuata mjane baada ya ibada na kumwambia kwamba amekosea mtu. Hayo ni ya mzee na dhamiri yake. Swali linalomhusu muuza mchele ni nani ataumia akisema.

Atakayeumia ni mjane. Atalazimika kurudisha shukrani zake mbele ya watu walewale, na binti atakuwa gumzo la kwaya, la umoja wa wanawake na la foleni ya bombani. Injili ya Mathayo inamwita Yusufu mwenye haki mahali pale pale inaposimulia kwamba, akidhani amesalitiwa, aliamua kumwacha Mariamu kimyakimya asimwaibishe. Ukimya wake ulimlinda mwingine. Mahubiri mengi kuhusu sadaka ya siri husisitiza thawabu ya mtoaji na kumsahau kabisa anayepokea, ambaye hataki kila akikatiza mtaani watu waone viatu vya mwanawe na kumkumbuka aliyevinunua.

Hata hivyo mama huyu asije akageuka mwoga wa mwanga. Barnaba aliuza shamba akaleta fedha miguuni pa mitume, na kitabu cha Matendo kimemtaja kwa jina bila kumlaumu. Anania na mkewe Safira, wanaofuata mara moja katika sura ya tano, hawakulaumiwa kwa kutoa hadharani wala kwa kubakiza sehemu ya fedha. Petro aliwakumbusha kwamba fedha ilikuwa yao. Kosa lao lilikuwa uongo, na ajabu ni kwamba ndoa ile haikukosa mawasiliano hata kidogo. Huko huko Kilimanjaro mnada wa baada ya ibada, ule wa mikungu ya ndizi, mayai na kuku, unafanyika mchana kweupe, watu wakipandishiana bei kwa kicheko, na sadaka haiharibiki. Peter Tabichi, bruda Mfransisko aliyekuwa akifundisha Njoro nchini Kenya, alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wahitaji kabla ya kuitwa Dubai mwaka 2019 kupokea tuzo ya mwalimu bora duniani na dola milioni 1. Kujulikana hakukuufanya msaada wake wa zamani kuwa batili.

Je, alikuwa anatafuta sifa? Kidogo, pengine, kama watu wote. Siku aliyotuma fedha za kwanza hakuhitaji nguvu nyingi za kiroho: alikuwa na siri tamu ya kutembea nayo sokoni, akijua kwamba ikifichuka siku moja itafichuka kwa jina lake. Sasa utamu umeondoka na jina limeandikwa la mwingine. Kinachomuunguza si ushahidi kwamba wema wake ulikuwa wa uongo. Ni kwamba kwa mara ya kwanza wema huo unamgharimu kitu zaidi ya fedha, na hapa ndipo tabia inapojengwa au kubomoka. Kipimo ni kama mchango wa muhula ujao utalipwa, kwa tarehe ileile, wakati mzee bado anapewa kiti cha mbele.

Basi azungumze na mumewe, na amwonyeshe meseji zote badala ya zile tu alizokwisha kuziona. Mume akisema kiasi ni kikubwa kwa biashara yao, amsikilize, maana huenda anakijua kitabu cha madeni kuliko yeye. Wakikubaliana, kazi ya kulipa benki aichukue mume, na mwalimu apumzike.

Na mjane akija kugundua ukweli na kumuuliza ana kwa ana, asikane. Ajibu ndiyo, amwombe yaishie hapo hapo kati yao wawili, kisha amuulize binti anavaa viatu namba ngapi mwaka huu.