Danieli Alipofika Hosteli

Andiko la somo: Danieli 1:1-21

Jumapili iliyopita mama mmoja alinishika mkono pale nje baada ya ibada akaniuliza, "Pasta, mtoto akienda chuo, nimpe nini cha kumlinda?" Nikamjibu haraka kwamba tutamwombea, na kweli tukamwombea pale pale. Lakini nilipofika nyumbani jibu langu likanisumbua. Maombi ndiyo, hayo hayana mjadala. Ila yule mama alikuwa anauliza kitu cha kutia mkobani, pamoja na godoro na beseni. Somo la juma hili ni jibu ambalo ningempa kama ningekuwa nimefikiri kwanza.

Barua za chuo zimetoka. Tuna vijana wa hapa Garsen, wa Ngao, wa Tarasaa na wa Wema ambao juzi tu walikuwa sare ya shule, na sasa KUCCPS imewatawanya. Wengine Pwani pale Kilifi, wengine TUM Mombasa, wengine Moi kule Eldoret, ambako wewe mtoto wa Delta utalala na sweta na bado utatetemeka. (Chukua blanketi zito. Huo si ushauri wa kiroho, lakini utanikumbuka.)

Sasa soma Danieli sura ya kwanza kama habari ya wanafunzi, maana ndivyo ilivyo. Vijana wanne kutoka Yuda, mbali na wazazi, wanaingizwa kwenye masomo ya miaka mitatu, katika mji wenye dini nyingine na starehe nyingi. Malazi ni ya mfalme, chakula ni cha mfalme. Kwa lugha ya leo walikuwa na ufadhili kamili. Na pale ndipo pana mtego: mtu anayekulisha kila siku, polepole anakufundisha cha kupenda.

Angalia kwanza waliyoyakubali, kwa sababu wahubiri hupita hapo mbio. Walikubali kujifunza lugha ya Wakaldayo. Walikubali kusoma vitabu vyao. Wakapewa hata majina mapya ya Kibabeli, na hatuoni mahali popote katika sura hii walipogombana na mtu juu ya majina. Kwa hiyo kijana, usiende chuo ukidhani kila mhadhiri ni adui wa imani yako na kila klabu ni ya shetani. Danieli alikataa jambo moja, lile la meza ya mfalme, na mstari wa 8 unaonyesha kwamba alilikataa moyoni mwake kabla ya kusema na msimamizi. Uamuzi ulitangulia. Kama angengoja sahani iwekwe mezani, nyama inanukia, wenzake wameshaanza kula, mimi nina wasiwasi naye.

Hapo ndipo penye somo letu. Hosteli haikupi muda wa kuamua. Utakapogongewa mlango saa nne ya usiku siku ya Ijumaa, jibu lako litakuwa lile ulilotoka nalo nyumbani, au halitakuwepo kabisa.

Niseme juu ya pesa, kwa kuwa hapo mimi mwenyewe nilianguka. Mimi nilisomea biashara. Nilifundishwa kutengeneza bajeti ya kampuni, na bajeti ya kijana mmoja ikanishinda. Mkopo wangu wa HELB ulipoingia muhula wa kwanza, sikuwa nimewahi kushika pesa nyingi hivyo zikiwa zangu. Nikanunua simu. Nikanunua viatu. Wiki mbili nzima mimi ndiye niliyewalipia marafiki chipsi na kuku, na wakaniita majina mazuri. Wiki ya tano nikawa nimesota. Nikampigia mama nikamdanganya kwamba chuo kimeongeza pesa ya vitabu.

Mama akamwita dalali akamuuzia maembe ya miti yake yakiwa bado machanga juu ya mti. Wenye mashamba kando ya mto mnaijua hasara hiyo. Msimu ukiiva lori linakuja, linajaa, nawe umesimama unatazama matunda ya shamba lako yakienda Mombasa kwa bei uliyopewa ulipokuwa na shida. Pesa ikanifikia kwa M-Pesa jioni ile ile, na mimi nikaila.

Nilimweleza ukweli baada ya kumaliza chuo. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwani ulikuwa huna chakula?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa mbona hukusema una njaa?" Basi. Hakusema zaidi, na hadi leo sijapata jibu la kumpa.

Wazazi, hapo pana kazi yenu. Mtoto akikosea na pesa, je, anaweza kukupigia simu akakwambia? Au anajua atafokewa mpaka majirani wasikie? Mlango wa kusema ukweli ukiwa umefungwa, atapita dirishani, na siku hizi nje ya dirisha kuna mikopo ya simu, kuna kubeti, na kwa mabinti kuna sponsa.

Haya, tupige hesabu. Tuseme umebaki na shilingi 25,000 mkononi kwa muhula, hosteli ikiwa imelipwa tayari. Toa 3,000 za vitabu na kuchapisha kazi za darasa. Toa 3,000 nyingine za nauli ya kurudi nyumbani, usiziguse, kwa sababu barabara yetu mnaijua. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipoikata watu walizunguka njia ambazo hawakuzipanga. Zimebaki 19,000. Muhula una kama wiki 16. Ni chini kidogo ya 1,200 kwa wiki, yaani kama 170 kwa siku. Andika hiyo namba ukutani juu ya kitanda. Chipsi za kila jioni hazimo ndani yake. Muhula ukiwa mrefu zaidi, namba inashuka tena.

Wengine wameniuliza kuhusu fungu la kumi la HELB. Nitajibu ninavyoamini, na Mchungaji wetu anajua msimamo wangu. Mkopo si mavuno. Ni deni lenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na utalilipa wewe ukishamaliza. Ukipata kibarua wakati wa likizo, ukiuza samaki, ukipewa zawadi, hapo mtolee Bwana fungu lake kwa furaha. Lakini mtu asije hosteli na unabii mkubwa akakuambia upande mbegu ya karo. Ukimwona huyo, funga mlango.

Jambo la pili ni mwenzako wa chumba. Kuna mzazi aliyeniomba tuombe kwamba mtoto wake asiwekwe chumba kimoja na Mwislamu. Namheshimu, na najua hofu hiyo inatoka wapi. Garissa hatujaisahau. Aprili 2, 2015, kabla ya jua kuchomoza, watu 148 waliuawa katika chuo kile, wengi wao wanafunzi, na washambuliaji waliwatafuta Wakristo. Mto wetu unapita Garissa kabla ya kutufikia sisi. Kuogopa si kukosa imani. Kijana, ukifika chuo jua milango yote ya jengo unalolala, weka namba ya walinzi kwenye simu, na mtu mmoja nyumbani awe anajua jina la hosteli yako na namba ya chumba.

Lakini ombi lile sikuliomba, na nitasema sababu. Agosti 2012 nilikuwa mwaka wa pili. Mnakumbuka mwezi ule hapa kwetu. Ng'ambo ya korido yangu alilala kijana Mwislamu, Muorma wa Delta hii hii. Tulikuwa tumeazimana sukari na pasi mwaka mzima. Habari za Riketa zilipoanza kuingia kwenye simu, kila mmoja alifunga mlango wake. Siku nne hatukusalimiana. Mimi nilikuwa mtu wa maombi, kiongozi kwenye Christian Union, na niliongoza ibada jioni mbili bila kugonga mlango ule. Yeye ndiye aliyegonga wangu, na chupa ya chai mkononi. Hatukuzungumza ni nani aliyeanza. Tulikaa kitandani tukanywa, kila mmoja akingoja simu ya kwao. Ya kwangu ililia kwanza, na akaniuliza kama wako salama kabla mimi sijafungua mdomo.

Rudi kwa Danieli. Alipotaka kukataa chakula hakumtukana msimamizi wala hakupindua meza. Alimwomba kwa adabu, akampa muda wa kujaribu, siku kumi, na Mungu alikuwa amempa kibali mbele ya mkuu wa matowashi, mtu wa dini nyingine kabisa. Unaweza kushika imani yako bila kumfanya mwenzako adui. Mkubaliane mapema saa za taa, za muziki na za wageni. Akiamka kuswali alfajiri, na wewe amka uombe. Ameshakuamsha, faida ni yako.

Dada zangu wadogo, siku ya kuripoti utaona kaka wa mwaka wa nne wakigombania kubeba sanduku lako. Mwache alibebe, umshukuru, na namba ya simu ubaki nayo. Hayo mengine tutaongea nanyi pamoja na kina mama Alhamisi, kwa kuwa si yote ya kuandikwa hapa. Na hili ni kwa wote: usimtumie mtu yeyote pesa ya chumba kabla hujakiona kwa macho yako. Matapeli wanazijua tarehe za kufungua chuo kuliko wewe.

Masomo nitayagusa kidogo tu. Mwisho wa miaka mitatu mfalme aliwahoji akawaona wanawazidi wengine mara kumi. Waliomba na walisoma, vyote viwili. Katika vyuo vingi mitihani midogo ya katikati ya muhula ni alama 30, na wengi huzipoteza kwa sababu walianza darasa wiki ya nne. Hudhuria tangu wiki ya kwanza, na kila karatasi iliyosahihishwa itunze mpaka siku ya kuvaa joho, maana alama hupotea na anayetakiwa kuleta ushahidi ni wewe.

Kwa mazungumzo ya vikundi vya nyumbani: Ni jambo gani moja ambalo wewe unayeondoka umeamua tayari, na nani anajua kwamba umeamua? Wazazi, ni jambo gani ambalo mtoto wako hawezi kukwambia, na kwa nini?

Jumapili ijayo, ibada ya pili, tutawaombea wote wanaoondoka. Njooni na barua zenu. Ambaye hajakamilisha nauli au godoro amwone shemasi kabla ya Ijumaa, kimya kimya, na hakuna atakayetangazwa madhabahuni. Yule mama aliyeniuliza swali, tafadhali nitafute. Nina blanketi moja la Eldoret ambalo silitumii tena.