SOMO LA LEO: TAREHE 20 NOVEMBA

Leo tujifunze tarehe moja tu ya kalenda: 20 Novemba.

Tarehe hiyo, mwaka 1889, alizaliwa Edwin Hubble huko Marekani. Ndiye mtaalamu wa nyota aliyeonyesha kwamba nje ya kundi letu la nyota yako makundi mengine mengi. Tarehe hiyo hiyo, mwaka 1923, alizaliwa Nadine Gordimer huko Afrika Kusini. Aliandika vitabu vya kupinga ubaguzi wa rangi, akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1991.

Tarehe 20 Novemba 1959, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la Haki za Mtoto. Miaka 30 baadaye, 20 Novemba 1989, likapitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Ndiyo maana siku hii huadhimishwa kuwa Siku ya Watoto Duniani.

Sasa jiulize: siku walizozaliwa Hubble na Gordimer tumezijuaje? Tumezijua kwa sababu ziliandikwa. Ibara ya 7 ya Mkataba inasema mtoto aandikishwe mara tu anapozaliwa, na kwamba ana haki ya kuwa na jina na kupata uraia. Haki hii ni ya kila mtoto, hata aliyezaliwa kambini.

Wako watu wazima walioandikiwa 1 Januari kwa kuwa siku yao haikujulikana. Kusema "alizaliwa wakati wa mavuno" kunamtosha bibi, lakini hakumtoshi mwalimu wala karani. Cheti cha kuzaliwa peke yake hakimpi mtoto uraia. Kinaonyesha alizaliwa wapi, lini, na wazazi wake ni nani. Siku ya kurudi nyumbani, au mtoto akipotezana na wazazi, maandishi hayo yatamsaidia sana.

Kwa hiyo:
1. Mtoto akizaliwa, hata nyumbani kwa mkunga, toa taarifa mapema.
2. Taja siku, mwezi, mwaka, mahali na majina ya wazazi wote wawili.
3. Soma karatasi, au uombe usomewe, kabla ya kuondoka.
4. Itunze ndani ya mfuko wa plastiki isilowe mvua.

Maswali ya kujadili nyumbani:
(a) Kila mtoto wako alizaliwa tarehe gani?
(b) Imeandikwa wapi?