Maana na Asili ya Neno "Lugubrious"

Kiingereza kina maneno mengi ya huzuni, wala hayana uzito mmoja. Mojawapo ni "lugubrious", litamkwalo karibu na "lugubrias", sauti ikikazwa katika "gu". Mwanafunzi wa Mitunguu, huko Imenti Kusini, akilitazama katika kamusi ataona kwamba maana yake ni "enye huzuni", naye huenda akadhani amepata neno zuri la kutia katika barua ya rambirambi. Asilitumie kabla ya kulijua vema.

Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwao "lugere" ni kuomboleza, na "lugubris" ni kitu chochote kihusucho maombolezo. Hata mavazi ya mfiwa yaliitwa "lugubria". Waingereza walilichukua neno hilo yapata miaka 400 iliyopita, kama vile Waswahili walivyochukua huzuni, msiba na tanzia kutoka Kiarabu.

Lakini neno likihama hubadilika. Siku hizi "lugubrious" mara nyingi hutajwa kwa huzuni iliyopita kiasi, au ile ya kujionyesha: uso uliokunjamana pasipo sababu kubwa, sauti ya kujivuta, au wimbo uchoshao kwa maombolezo. Tena Mwingereza alitamkapo, mara nyingi huchanganya na dhihaka kidogo.

Tutwae mfano wa mchuuzi wa ndizi sokoni Mitunguu. Mikungu yake yote imenunuliwa na fedha zi mfukoni, lakini akiulizwa habari hujibu kwa kuugua, kana kwamba amefiwa. Huyo ndiye astahiliye kuitwa "lugubrious". Bali mama aliyempoteza mwanawe, akaketi akilia, siye. Kumwandikia kwamba machozi yake ni "lugubrious" ni sawa na kumwambia kwamba anajiliza. Na kati ya kulia na kujiliza kuna tofauti kubwa, kama kila ajuaye Kiswahili afahamuvyo.

Kwa mfiwa wa kweli yako maneno mengine ya Kiingereza yenye heshima: "sorrowful", yaani mwenye majonzi, na "grieving", yaani aliye katika uchungu wa msiba. Na mwandishi mwenye shaka aandike "sad" tu. Ni neno fupi na la kawaida, lakini halitamwumiza mtu aliyekwisha kuumia.