Kupogolea nyanya za nyumbani: maswali kutoka Dirma

Wilaya ya Hanang inajulikana kwa ngano, mahindi, alizeti na mbaazi, na kwa mifugo. Nyanya haina sifa hiyo. Katika kata kama Dirma nyanya ni mboga ya nyuma ya nyumba, miche michache iliyozungushiwa miiba ili mbuzi wasiingie, na mara nyingi aliyeipanda ni mama wa nyumba. Maji yake ni ya ndoo. Kwa hiyo swali la nini kikatwe na nini kiachwe lina uzito huku kuliko kwenye mashamba yenye mifereji: kila tawi lisilozaa linakunywa maji ambayo mtu ameyabeba kichwani.

Swali: Shikamoo bwana shamba. Nyanya zangu zimekuwa kichaka, majani tele, lakini matunda ni ya kuhesabu. Jirani ameniambia nikate. Nikate nini?

Marahaba, mama. Usikate kitu kabla hujajua umepanda aina gani. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Kuna nyanya fupi na kuna nyanya ndefu. Fupi, kama Tanya iliyotoka kwa watafiti wa Tengeru mwaka 1997, au Cal J na Roma, zinakua mpaka kimo chake, kisha kila ncha inaishia kwenye kishada cha maua. Ukizikata matawi umekata mavuno yenyewe. Ndefu, kama Money Maker na chotara ya Anna, haziachi kurefuka mpaka zife au zikose maji. Hizo ndizo za kupogolea.

Kama pakiti ya mbegu ilishatupwa, uulize mmea wenyewe. Tafuta kishada cha kwanza cha maua, halafu panda na shina hadi kishada cha pili ukihesabu majani. Ukikuta majani matatu hivi kati ya kishada na kishada, hiyo ni ndefu. Ukikuta moja au mawili, ni fupi: ondoa tu majani yanayogusa udongo, na kwingine usiguse.

Swali: Machipukizi ya kuondoa ni yapi? Naogopa kukata tawi la matunda.

Shika jani moja, fuata kikonyo chake mpaka kinapokutana na shina. Pale kwapani utaona kitawi kinachochomoza kikielekea juu, chenye vijani vyake vidogo. Hilo ndilo chipukizi. Kishada cha maua hakitokei kwapani. Kinatoka kwenye shina tupu, katikati ya jani na jani, na hakina majani. Ukishaiona tofauti hiyo mara moja hutaisahau.

Livunje likiwa halijazidi urefu wa kidole. Likamate kwa kidole gumba na cha shahada, liyumbishe upande huu na ule, litakatika lenyewe na kidonda kitakuwa kidogo. Likishanenepa kama penseli halivunjiki vizuri, linachuna ganda la shina. Hapo tumia kisu kikali au wembe. Fanya asubuhi, umande ukishakauka, ili kidonda kipate mchana mzima wa kukauka. Pita bustanini kila wiki. Katika joto la Februari na Machi wiki mbili ni nyingi mno.

Swali: Nibakize shina moja au mawili?

Kwa bustani ya nyumbani huku juu, mimi nasema mawili. Vitabu vingi vinashauri moja, kwa sababu vimeandikwa kwa ajili ya vitalu nyumba, ambako miche imebanana na jua limechujwa na nailoni. Uwanda wa Hanang ni tofauti. Hewa ni ya baridi lakini jua la mchana ni kali, na tunda lililoachwa uchi linapata baka jeupe upande unaotazama jua, ngozi inakauka kama karatasi, kisha linaoza. Shina la pili linaleta majani ya kulikinga.

Shina la pili ni lile chipukizi lililo chini tu ya kishada cha kwanza cha maua. Lina nguvu kuliko yote. Liache likue, mengine yote yaondoe, kwenye shina mama na kwenye hilo jipya. Kati ya mche na mche acha sentimita 60. Anayetaka shina moja anaweza kusogeza hadi 45, ila atahitaji miche mingi zaidi.

Swali: Na majani ya chini?

Mche ukishafika magotini, anza kuondoa yanayogusa udongo. Panda taratibu mpaka sentimita 30 za chini za shina ziwe wazi. Matone ya mvua yanarusha udongo juu, na ule udongo ndio unaobeba vimelea vya bakajani. Lakini yasizidi majani mawili au matatu kwa wiki. Jani ndilo linalopika chakula cha tunda. Nyanya iliyonyolewa yote kwa siku moja inatoa matunda madogo, tena yaliyoungua.

Swali: Miti ya kuegemeza tunapata wapi? Hapa miti ni shida.

Fito za mbaazi zilizokauka zinafaa kwa aina fupi. Kwa aina ndefu unahitaji mti wa mita mbili, nusu mita yake iingie ardhini, maana upepo wa huku kuanzia Juni ni mkali na mche wenye matunda ni mzito. Mlingoti wa mkonge ni mzuri: mrefu, mwepesi, na haumei tena. Bua la alizeti halitoshi. Fito mbichi za mnyaa usizisogeze bustanini: zinaota mizizi zikagombea maji, na utomvu wake ni hatari kwa macho yako unapofunga kamba.

Chimbia mti siku unayopanda mche. Ukisubiri mwezi mzima utakata mizizi. Funga kwa katani au vipande vya kanga kuukuu: zungusha kamba kwenye mti, ivushe katikati kama namba nane, ndipo ilizunguke shina, kwa kulegea kiasi cha kupitisha kidole. Funga chini ya jani, kamwe si chini ya kishada, kwani uzito utakivunja.

Swali: Mzee wangu ndiye anayenisaidia kupogolea, naye ananusa ugoro. Nimesikia hilo lina madhara.

Lina ukweli. Kirusi cha batobato ya tumbaku kinaweza kubaki hai ndani ya tumbaku iliyokaushwa, kwenye ugoro na kwenye sigara, kikahamia kwenye nyanya kupitia vidole. Mzee anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuanza. Kwa wafugaji kuna kinga ya karibu zaidi: maziwa yaliyoondolewa siagi. Yanakidhoofisha kirusi hicho, na wakulima wa vitalu nyumba nchi nyingi wanachovya vidole na visu ndani yake wanapohama mche hadi mche. Anza na miche mizima; yenye majani yaliyojikunja au yaliyo na mabaka ya njano na kijani iguse mwisho.

Swali: Nikate kilele lini?

Hesabu kurudi nyuma. Tangu ua lifunguke mpaka tunda liive ni wiki sita hadi nane, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Kama unajua kisima kinapungua mwishoni mwa Julai, ua linalofunguka katikati ya Juni halitakufikisha popote. Kwa hiyo mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni kata ncha, ukiacha majani mawili juu ya kishada cha mwisho. Vishada vitano au sita kwa kila shina vinatosha nyumba na vinabaki vya kupeleka mnadani.

Swali: Niliyokata niwape mbuzi?

Hapana. Majani na mashina ya nyanya yana sumu, na mbuzi akila mengi ataugua. Pia usiyaache chini wala usiyatupe kwenye lundo la mboji. Tangu nondo wa nyanya aitwaye kantangaze aingie Tanzania mwaka 2014, kila jani lenye vijia vyeupe linaweza kuwa na kiwavi hai ndani. Yatie kwenye mfuko wa nailoni, ufunge, uuweke juani siku kadhaa, kisha fukia.

Swali: Kuna machipukizi yamenipita, yamefika urefu wa shubiri. Nayo nitupe?

Yaliyotoka kwenye mche mzima usiyatupe, ni miche ya bure. Kata, ondoa majani ya chini na maua kama yapo, yasimamishe kwenye kopo la maji kivulini na ubadilishe maji kila siku mbili. Kwa wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe. Yapande jioni, shina lizame ardhini mpaka karibu na majani yaliyobaki, na uyakinge na jua siku tatu za kwanza.