LEARN NA TEACH: NI NANI ANAFANYA KAZI?

Wanafunzi wenzetu,

Katika karatasi za Kingereza kosa moja linarudia kila mara: "Our teacher learns us English." Linatoka wapi? Linatoka katika Kifaransa. Sisi wote tunajua neno "apprendre". Mwanafunzi akisema "j'apprends l'anglais", ni yeye anajifunza. Mwalimu akisema "je vous apprends l'anglais", ni yeye anafundisha. Neno moja, kazi mbili. Kingereza hakikubali vile.

Basi tuache Kifaransa kidogo, tushike Kiswahili. Hapa ndicho kinatusaidia.

1. TEACH ni kufundisha. Anayefanya kazi ni yule anayetoa elimu. Wakati uliopita: taught. "He taught us a song": alitufundisha wimbo. Mtu anayefundishwa anafuata neno palepale: teach me, teach us, teach the children.

2. LEARN ni kujifunza. Anayefanya kazi ni yule anayepokea elimu. Wakati uliopita: learned ao learnt, yote mawili ni sawa. "We learned a song from him": tulijifunza wimbo kwake. Nyuma ya learn hatuweki "us". Mwalimu anakuja na "from".

Ni kweli, zamani Waingereza wenyewe walitumia learn kwa maana ya kufundisha. Katika michezo ya Shakespeare iko. Hata leo wengine wanasema vile kwa kinywa. Lakini kwa kuandika inahesabiwa kosa, na kwenye mtihani utapoteza pointi bure.

Tena tuangalie "ji" katika kujifunza. Maana yake: kujifunza ni kuifunza nafsi yako. Mwalimu anaweza kufundisha saa nzima, chaki inamuishia mkononi, na sisi tukatoka bila kujifunza kitu. Magaribi, wakati wa etude, tunasikia wengine: "Ile hawakutufundisha." Tuulizane vizuri: "They did not teach us", ao "we did not learn"? Ya kwanza ni deni la mwalimu. Ya pili ni deni letu, na hakuna mwingine wa kulilipa.

ZOEZI. Andikeni taught ao learned:
a) My mother ... me to cook sombe.
b) I ... that hymn from my sister.
c) Who ... you French?

Majibu mulete kwa shefu wa kalasi yenu.